Usaha wa sikio si kitu cha kuzoea

Wewe unayepanda matatu na sikio moja limezibwa kwa pamba, hebu tuongee. Na wewe unayesema mtoto "akikua itaisha tu", sogea pia.

Langu la kushoto lilianza nikiwa darasa la pili. Kila mafua yakija, usaha nao huo. Nyumbani dawa ilikuwa mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto. Shuleni nilipewa jina ambalo siliandiki hapa. Chuoni nilikuwa nanakili nusu ya somo kwa jirani kwa sababu mhadhiri nilimsikia nusu. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, lakini sikio nalo lilichangia, wacha nisidanganye.

Kinachoniudhi ni kwamba matibabu ya kuanzia si ya ajabu. Usaha ukitoka wiki mbili na zaidi, kuna uwezekano mkubwa kiwambo cha sikio kimetoboka. Unakausha sikio kwa utambi wa pamba safi, mara kadhaa kwa siku, kisha unatia matone ya antibayotiki kama ciprofloxacin. Yote mawili, si moja. Watoto wa shule za msingi Kiambu walifanyiwa utafiti uliochapishwa 1996. Waliokaushwa tu, asilimia 22 ndio usaha uliisha, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa! Waliokaushwa na kupewa dawa za matone na za kumeza, asilimia 51.

Lakini usikimbie duka la dawa ukasema "nipe ya masikio". Kuna matone, kama ya gentamicin, yanayoweza kuharibu sikio la ndani ikiwa kiwambo kina tundu. Mtu achungulie kwanza. Maji nayo yasiingie: ukioga, ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya kujipaka.

Ikikataa kukauka, au inanuka vibaya, dai kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Tundu linaweza kuzibwa kwa upasuaji, hata kwa mtu mzima. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, kichwa kinauma sana, kizunguzungu au mdomo umeenda upande, ni hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ukipenya mfupa, ubongo uko hapo tu.

Mimi nilichunguliwa vizuri nikiwa na miaka 23. Sikio lilikauka, ila kusikia hakukurudi kote. Ukiniita kutoka kushoto nisigeuke, bana, si maringo. Zunguka uje upande huu mwingine.