Basi la Kwenda Ufuoni: Mtalii wa Turkana ni Nani?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa mno katika hotuba za utalii nchini Kenya, na aghalabu mgeni anayedhamiriwa ni yule aliyeshuka kwenye ndege. Ni nadra kutajwa yule aliyeshuka kwenye basi, miguu imevimba kwa kukaa usiku kucha, mkononi ana mfuko wa chapati na chupa ya maji. Hata hivyo, ni huyu wa pili ambaye kila Desemba huufanya mji wa Mombasa ufurike. Familia za bara hujichanga, hukata tikiti mapema na kuteremka hadi pwani. Wengi wao huishia katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambako mtoto huingia baharini bila kuulizwa amelala hoteli gani.

Jina la ufuo huo lina kinaya chake. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959 hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar, akazuiliwa huko hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Serikali ya kikoloni iliichagua Turkana kwa umbali, joto na ukame wake: lilikuwa gereza lisilohitaji ukuta. Wilaya yenyewe ilikuwa miongoni mwa zile zilizofungwa kisheria, na asiye mwenyeji alihitaji kibali ili kuingia. Nyumba aliyozuiliwa Kenyatta ni sehemu ya kumbukumbu za taifa mjini Lodwar. Na yapata kilomita 60 tu kutoka mji huo liko Ziwa Turkana, ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyomo jangwani duniani.

Makala haya yanashikilia kwamba utalii wa Turkana hautakuwa na maana kamili mpaka ziwa hilo liwe ufuo wa mwananchi wa kawaida, na hasa wa mtoto wa Lodwar na wa Kakuma. Kipimo cha jambo hilo ni basi la matembezi. Idadi ya ndege zinazotua haiwezi kulipima.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Mzizi wa Kiarabu uliozaa neno "utalii" unahusu kusoma na kuchunguza jambo kwa makini. Kwa asili hiyo, mtalii ni msomaji wa mahali. Lakini katika matumizi ya kila siku neno hili limefinywa hata likakaribia kuwa kisawe cha "mzungu mwenye kamera". Mkenya anayesafiri kuangalia nchi yake husemwa kuwa "amekwenda kutembea" tu, kana kwamba macho yake hayasomi. Ufinyu huu wa maana umezaa ufinyu wa mipango: bei, matangazo na hata lugha ya waongozaji huandaliwa kwa ajili ya mgeni wa mbali.

Mbona wenzetu wa Uingereza, ambao mfano wao hupendwa kuigwa, hawakuanzia hapo? Mji wa pwani wa Blackpool haukukuzwa na matajiri wa kigeni. Reli ilifika huko mwaka 1846, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire wakaanza kumiminika kila viwanda vilipofungwa kwa mapumziko. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza yakaja mabasi ya kukodi, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya likizo yenye malipo. Hata ndege za bei nafuu zilipowavuta wengi kwenda Hispania, mabasi ya wastaafu hayakukoma. Ufuo ulipata uhai kwa sababu mtu wa kipato kidogo aliuona kuwa wake.

Turkana ina vyote vya kumfanya msafiri wa basi aridhike. Njia ya Kitale hadi Lodwar huteremka Marich Pass, ikaacha mashamba ya mahindi na kuingia katika nyika ya migunga na vichuguu virefu kuliko mtu. Kwa miaka mingi njia hii ilitajwa kwa mashimo yake, na kwa magari kusindikizwa na polisi katika kipande cha Kainuk hadi Lokichar. Barabara imejengwa upya kwa lami katika miaka ya karibuni, ingawa usalama wa kipande hicho bado unahitaji ulinzi wa kudumu. Kutoka Lodwar kuelekea Kalokol, msafiri hupita Namoratunga, "watu wa mawe", nguzo zilizosimikwa na wafugaji wa kale yapata miaka 5,000 iliyopita. Wenyeji husimulia kuwa ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Kisha ziwa lenyewe hujitokeza, kijani kibichi chini ya jua kali, na kule Eliye chemchemi za maji matamu hububujika mchangani chini ya mikoma. Kaskazini zaidi, Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikoona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ni mwanafunzi yupi wa historia asingenufaika na safari kama hiyo?

Wapo watakaopinga. Watauliza: watu waliopoteza mifugo katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022 wana haja gani na matembezi? Swali hili ni la haki, ila limesimama juu ya dhana potofu kwamba maskini anahitaji chakula peke yake. Aidha, basi la wananchi 50 hununua samaki wa kukaanga kwa mvuvi, kikapu cha majani ya mkoma kwa mama aliyekisuka, na chai katika kibanda cha karibu. Fedha hizo hubaki palepale ufuoni. Wengine watataja mamba na pepo kali za ziwa. Hatari hizo ni za kweli, na ndiyo sababu zinahitajika sehemu maalumu za kuogelea, walinzi waliofunzwa na mabango yanayosomeka. Hatari hudhibitiwa, haitoshi kuwa hoja ya kumzuia mwenyeji asilione ziwa lake.

Hoja nzito zaidi iko Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita nchini Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka huo wa kwanza amekwisha kupita umri wa miaka 30. Amesoma jiografia ya Kenya, amechora ramani ya Ziwa Turkana katika mtihani, lakini utaratibu uliozoeleka umemtaka apate kibali kabla ya kutoka nje ya kambi, kwa sababu kama vile matibabu au masomo. Kuona maji hakujahesabiwa kuwa sababu. Jirani yake Mturkana hahitaji kibali, lakini nauli humzuia vilevile. Hivyo eneo lililokuwa la vibali enzi za mkoloni limebaki, kwa wengi, eneo la vibali hadi leo.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 vimeahidi kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji. Ahadi hiyo ina njia rahisi ya kupimwa. Je, basi moja laweza kuwabeba watoto wa shule wa Kakuma, wakimbizi na Waturkana wakiwa wamekaa kiti kimoja, likawafikisha ufuoni na kuwarudisha jioni bila mtu kushushwa kizuizini?

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Ndani ya basi hilo hakuna lugha nyingine inayoweza kumfikia Mdinka, Mkongo, Msomali na Mturkana kwa pamoja na kwa usawa kama Kiswahili wanachojifunza shuleni na kukitumia sokoni. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimezoea kukodi mabasi kwenda makongamano. Tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, haina budi kuadhimishwa kwa zaidi ya hotuba na mashairi ukumbini. Chama kimoja na kikodi basi moja kutoka Kakuma hadi ziwani. Wanafunzi wa isimu na fasihi wawe waongozaji, wakusanye visa vya Namoratunga, waandike maelezo ya mabango kwa Kiswahili na Kiturkana. Serikali ya kaunti nayo itoe ufuo ulio wazi, maji ya kunywa na kivuli.

Methali isemayo tembea uone haikuweka sharti la pasipoti wala la tikiti ya ndege. Mwaka 1959 gari la serikali lilimleta mtu Lodwar ili asitembee. Mtoto wa Kakuma anangoja gari la namna nyingine.