UFINI: KIMYA CHAO SI CHUKI

Tujue Desturi za Wenzetu – ukurasa wa familia

Mwezi huu ukurasa wenu unakwenda mbali, kaskazini kabisa ya Ulaya, katika nchi ya Ufini, ile ambayo wengi wetu tunaita Finlandi. Kuna familia zilizokwisha hamia kule, kuna zinazongoja majibu, na kuna waliobaki huku ambao wana kaka, dada au shangazi kule. Na kwenye simu malalamiko ni yale yale: "Huku watu hawasalimiani. Jirani ananipita kama hanioni. Naona hawatutaki."

Jamani, hili neno tulizungumze vizuri, maana mtu akishaamini kwamba anachukiwa, hujifungia ndani, na akijifungia ndani hajifunzi lugha wala hapati rafiki.

Ni nchi gani hiyo?

Ufini ina watu kama milioni 5.6 tu. Ina maziwa 188,000 hivi, makubwa na madogo, na misitu inafunika karibu robo tatu ya nchi. Kwa hiyo mtu wa kule amezoea nafasi, amezoea na utulivu. Tangu 1985 serikali yao hupokea wakimbizi wanaopendekezwa na UNHCR, kwa idadi inayopangwa kila mwaka. Mwaka 2023 idadi ilikuwa 1,050, mwaka 2024 ikashushwa kuwa 500. Ndugu zetu Wakongomani wamo katika waliopokelewa miaka iliyopita. Mnaona wenyewe kwamba nafasi ni chache. Tena ni za bure: anayekuambia ulipe ili jina lako liingie, huyo ni mwizi.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba Wafini nao walikimbia. Walipigana na Urusi ya Kisovieti katika miaka ya 1939 hadi 1944, wakapoteza sehemu ya nchi yao inayoitwa Karelia. Watu zaidi ya 400,000 waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao, wengine wakiswaga ng'ombe barabarani. Nchi nzima wakati huo haikufika watu milioni 4. Mwaka 1945 ikatungwa sheria ya kuwapa ardhi, wakagawiwa viwanja na mashamba katika vijiji vya wenzao. Watoto kama 70,000 walipelekwa Sweden na nchi nyingine za jirani wakati wa vita, jina limefungwa shingoni. Basi yule mzee anayekaa kimya pembeni yako kwenye basi, huenda mama yake alikuwa mkimbizi kama wewe.

Kimya maana yake nini?

Kwetu, ukimpita mtu bila kumsalimu umemtukana. Salamu ni ndefu: habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za wagonjwa. Kwa Mfini, heshima ni kumwachia mwenzako nafasi yake. Kwenye basi atakaa kiti cha peke yake kama kipo. Kwenye kituo atasimama mbali na wewe. Anafanya hivyo hata kwa Mfini mwenzake. Hakuchagui wewe.

Katika mazungumzo pia anangoja umalize, halafu ananyamaza kidogo, ndipo anajibu. Anafikiri. Usikimbilie kujaza kile kimya kwa maneno. Na ukimwuliza habari yake, anaweza kukuambia kweli kwamba mgongo unamuuma, maana kwake hilo ni swali, siyo salamu tu.

Jambo jingine: neno lake ni ahadi. Akisema "njoo Jumamosi", amemaanisha Jumamosi. Akikuandikia saa 14.00, hiyo ni saa nane mchana kwa hesabu yetu. Hapa wengi hupotea, kwa hiyo wafundisheni watoto hesabu hiyo tangu sasa. Ukichelewa dakika kumi na tano bila kupiga simu, ataona umemdharau. Mnaona? Yeye anadhani wewe huna heshima kwa sababu ya saa, nawe unadhani yeye hana heshima kwa sababu ya salamu. Wote wawili wana heshima, ila kila mmoja anaiweka mahali pake.

Nani aanze? Anza wewe mgeni. Sema "Moi" kila siku ngazini, neno moja tu, na utabasamu. Usingoje jibu refu. Baada ya wiki kadhaa atakujua. Wapo pia mahali ambapo Wafini hufunguka kwa urahisi: kwenye mpira wa watoto, kwenye vikundi vya kuimba au kushona, na mezani palipo na kahawa.

Majina

Kule hakuna "Mama Furaha" wala "Mzee Yohana". Mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza, daktari pia, hata na mtoto mdogo. Mwanao akimwita mwalimu "Anna" tu, usimchape mdomo, ndivyo walivyo. Na wewe ukiitwa jina lako tupu na kijana wa miaka ishirini, hakukuvunjia heshima. Nyumbani kwenu endeleeni kuitana shangazi, baba mdogo na bibi. Hakuna anayekataza.

Lugha yao ni ngumu kweli, lakini ina habari njema kwetu. Husomwa kama inavyoandikwa, kama Kiswahili. Tena wana neno moja, "hän", kwa mwanamume na mwanamke, kama sisi tunavyosema "yeye".

Ukialikwa nyumbani

Vua viatu mlangoni, hata kama mwenyeji hakukuambia. Watakupa kahawa. Wafini ni katika watu wanaokunywa kahawa nyingi kuliko wote duniani, karibu kilo 10 kwa mtu kwa mwaka. Pamoja na kahawa kuna mkate mtamu unaoitwa pulla, wenye iliki ndani yake. Ukiunusa utakumbuka mandazi. Ukichukua zawadi ndogo, maua au kitu ulichopika mwenyewe, inatosha.

Familia nyingi za wageni hupewa nyumba katika majengo ya ghorofa. Humo kuna kanuni za utulivu wa usiku, kwa kawaida kuanzia saa nne usiku hadi asubuhi. Kutwanga sombe saa tano usiku, hapana. Muziki na maombi ya sauti kubwa pia vimalizike mapema. Jirani huenda asije kukugombeza mlangoni. Atabandika karatasi ukutani, au atamwandikia msimamizi wa jengo. Ukiona karatasi, tafuta mtu akusomee upesi.

Sauna

Hiki ni kitu chao kikubwa. Ni chumba cha mbao chenye jiko la mawe, joto lake nyuzi 70 hadi 100. Wanamwaga maji juu ya mawe, mvuke unapanda, wanatoka jasho, halafu wanaoga au kuruka ziwani. Nchi nzima ina sauna kama milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliweka desturi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Zamani akina mama walizalia humo, na maiti walioshwa humo. Ndiyo maana humo watu hawapigi kelele wala hawafanyi uhuni.

Wanaingia uchi, ndiyo. Kwa kawaida wanaume peke yao, wanawake peke yao, au watu wa nyumba moja pamoja. Kwao hakuna aibu humo wala nia mbaya. Lakini kukualika sauna ni ishara ya urafiki, siyo amri. Ukitaka, ingia na taulo. Usipotaka, kwa sababu ya dini au haya yako, sema "asante, siyo leo", ukae unywe kahawa na wengine. Hakuna atakayekasirika. Mwenye ujauzito au ugonjwa wa moyo aulize kwanza kwa daktari.

Msitu ni wa wote

Wakulima wenzangu, hili litawafurahisha. Kule mtu yeyote, raia au mgeni, ana haki ya kutembea katika msitu wa mwingine na kuchuma matunda ya porini na uyoga bila kuomba ruhusa wala kulipa. Mipaka ipo: usikaribie ua wa nyumba ya mtu, usikanyage mazao yake, usikate mti, na usiwashe moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Uyoga mwingine ni sumu, kwa hiyo nenda na mtu anayeujua.

Mishumaa ya Desemba

Majira ya baridi ni giza. Kule mbali kaskazini jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa, na hata Helsinki, mji mkuu, siku fupi kabisa haifiki saa sita za mwanga. Wengi wetu giza hilo linawaelemea kuliko baridi. Wafini hujibu giza kwa mishumaa. Tarehe 6 Desemba, siku ya uhuru wao wa 1917, huweka mishumaa miwili dirishani. Tarehe 24 Desemba saa sita mchana, katika mji wa Turku, husomwa tangazo la Amani ya Krismasi, desturi ya tangu karne nyingi. Halafu jioni familia huenda makaburini kuwasha mishumaa juu ya theluji.

Sasa sikilizeni. Katika makaburi mengi ya kule kuna jiwe la kumbukumbu kwa ajili ya wale waliozikwa mahali pengine. Wale wakimbizi wa Karelia hawakuweza kurudi kwenye makaburi ya wazazi wao, wakapata mahali pa kuwasha mshumaa. Nawe unaweza kuwasha hapo mshumaa kwa ajili ya mama yako aliyelala Uvira au Fizi. Hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

Desturi na sheria ni vitu viwili

Hapa ndipo penye uzito, wazazi msinichoke. Desturi unaweza kuikataa kwa upole: sauna, kahawa, hata mkate wa iliki. Sheria huwezi.

Tangu 1984 sheria ya Ufini inakataza kumpiga mtoto. Siyo fimbo tu. Kofi, kumvuta sikio, kumfinya, kumdhalilisha, vyote vimekatazwa. Hata mzazi mwenyewe haruhusiwi. Mwalimu au muuguzi akiona alama au mtoto akisema, analazimika kutoa taarifa kwa ofisi ya ustawi wa watoto. Kumpiga mke au mume pia ni jinai. Na tangu 2019 hakuna ndoa ya mtu aliye chini ya miaka 18, hata wazazi wakikubali.

Kuna uvumi hapa kambini kwamba kule serikali inanyang'anya watoto tu. Sivyo ilivyo sheria. Taarifa ikifika, wafanyakazi wa ustawi huzungumza kwanza na wazazi na kutafuta namna ya kuisaidia familia nyumbani. Kumwondoa mtoto ni hatua ya mwisho, msaada ule ukishindwa au mtoto akiwa hatarini. Kwa hiyo wakikuita, nenda, omba mkalimani, ueleze. Anayekwepa ndiye anayejiharibia.

Mtauliza, basi tutawalea vipi? Swali zuri. Anzeni huku huku, kabla ya ndege. Mzuie mtoto kitu anachokipenda, mpe kazi ya nyumbani, kaa naye umwambie alilokosea. Mwenye miezi ya kungoja ana nafasi ya kujizoeza. Mzazi anayejifunza haya siku polisi wako mlangoni amechelewa.

Maneno ya kubeba mfukoni

Moi – salamu ya kila siku
Kiitos – asante
Anteeksi – samahani
Huomenta – habari za asubuhi
Moi moi – kwaheri
112 – namba ya simu ya hatari: moto, ugonjwa wa ghafla, polisi

Usiku huu mkimaliza kula, someni ukurasa huu pamoja, baba, mama na watoto. Kila mmoja aseme ni desturi gani itampa shida na kwa nini. Na mwenye ndugu kule amwambie kwenye simu: yule jirani asiyesema kitu, msalimu tena kesho.

Tukutane mwezi ujao. Mungu awalinde.