"Bila Sukari" Si "Bila Madhara"



Katika sherehe za parokia zetu, iwe Noeli, Kipaimara au ndoa, chupa za vinywaji vya gesi hazikosekani mezani. Siku hizi wako miongoni mwenu wanaochagua zile zilizoandikwa "bila sukari", wakiamini kwamba kwa hiyo meno yao yamesalimika. Nia yao ni njema. Lakini maandishi hayo husema kweli nusu tu, nasi tunaona ni wajibu wetu kuwaelezeni nusu iliyobaki.

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa meno. Utamu wa bandia hauvipi chakula hicho. Kwa upande huo, kinywaji kisicho na sukari ni nafuu. Hata hivyo, kinywaji chenyewe tayari kina asidi, iliyotiwa ndani ili kukipa ladha kali. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo ukali unavyozidi. Maji safi yako kwenye 7. Ganda gumu la jino huanza kuyeyuka karibu na 5,5. Vinywaji vingi vya gesi, vyenye sukari na visivyo nayo, viko kati ya 2,5 na 3,5.

Mwenyezi Mungu ametujalia mate, ambayo hupunguza ukali huo na kulirudishia ganda madini yake. Lakini kazi hiyo yahitaji muda. Anayenywa chupa moja kidogo kidogo mchana kutwa huyanyima mate nafasi, na ganda likiisha kulika haliioti tena.

Mtatuambia kwamba chupa iliyofungwa ni salama kuliko maji ya kisima, maana kipindupindu twakijua. Neno hilo lina uzito. Lakini dawa ya maji machafu ni kuyachemsha na kuyafunika vema. Kuyakimbilia soda si dawa.

Hatuwakatazi furaha ya sikukuu. Anayekunywa soda, na ainywe pamoja na chakula, aimalize, kisha asukutue kwa maji. Asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa ganda limelegea. Angoje angalau nusu saa.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halitunzwi kwa kusoma maandishi ya chupa tu, na katika familia zetu nyingi gharama ya kutengeneza jino hushindana na karo ya shule. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vikundi: katika sikukuu ijayo, ndoo ya maji yaliyochemshwa itangulie mezani, soda ifuate. Mdogo atakayeona wakubwa wake wakianza na maji atafanya vivyo hivyo bila kuhubiriwa.