Kaneto Shindo na mzega wa maji

Ndugu msomaji, nakuomba uanze kwa kuliona jambo moja akilini mwako. Ni alfajiri. Mume na mke wanapiga kasia kutoka kisiwa kidogo kisicho na hata kisima kimoja. Wanavuka kwenda kisiwa cha jirani, wanajaza ndoo zao maji, wanarudi, kisha wanapanda kilima kikali na mzega begani, hatua kwa hatua, ili ndoo zisicheze. Huko juu wanayamwaga maji kidogo kidogo kwenye mashina ya mimea, na ardhi inayanywa mara moja. Halafu wanashuka kuyafuata mengine.

Ndivyo ianzavyo filamu iitwayo Hadaka no Shima, yaani Kisiwa Kilicho Uchi, iliyotolewa nchini Japani mwaka 1960. Huchukua kama saa moja na nusu, na katika muda wote huo mume na mke hawasemezani hata neno. Utasikia mawimbi, muziki na kilio, lakini mazungumzo hutayasikia. Aliyeiandika na kuiongoza aliitwa Kaneto Shindo. Leo napenda tumzungumze mtu huyu, kwa kuwa maisha yake yanatuonyesha gharama ya kufanya kazi bila bwana, na yanatuonyesha pia ni akina nani hasa huilipa gharama hiyo.

Shindo alizaliwa tarehe 22 Aprili, 1912, katika mkoa wa Hiroshima, katika nyumba ya watu wenye ardhi. Baba yake alimdhamini mtu katika mkopo. Mkopo haukulipwa, na mali yote ya nyumba ikapukutika. Kijana akakua katika ufukara. Mwaka 1933 aliona filamu iliyomsisimua mno, akaazimia kwamba kazi yake duniani itakuwa hiyo. Akafanya kazi katika duka la baiskeli, akaweka akiba, na mwaka 1934 akapokewa na kampuni moja ya sinema mjini Kyoto. Usidhani kwamba alikabidhiwa kamera. Alitiwa katika chumba cha kusafishia filamu, na kazi yake ilikuwa kukausha mikanda iliyotoka kwenye dawa.

Baada ya kazi alijifunza kuandika. Mwongozaji mashuhuri Kenji Mizoguchi aliusoma mswada wake mmoja akamwambia pasipo kumficha kwamba huo haukuwa mchezo wa sinema, bali hadithi tu. Maneno hayo yalimvunja moyo. Aliyemwinua alikuwa mke wake, Takako Kuji, aliyemhimiza arudi mezani na kujifunza upya. Lakini mke huyo hakuyaona matunda ya imani yake. Kifua kikuu kilimwondoa duniani mwaka 1943.

Mwaka uliofuata Shindo aliitwa jeshini, katika kikosi cha majini chenye watu 100. Wakubwa wao walipiga kura kuamua nani apelekwe wapi. Wengine walipelekwa Ufilipino, wengine katika manowari za chini ya bahari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kati ya watu wale 100 waliobaki hai ni sita tu, naye akiwa mmoja wao. Na mji wa Hiroshima, makao makuu ya mkoa wake wa kuzaliwa, ulikuwa umeunguzwa kwa bomu la atomiki.

Mtu aliyepona kwa bahati ya kura haoni wepesi kuandika yale tu yanayompendeza mwenye kampuni. Baada ya vita alikuwa mwandishi katika kampuni kubwa ya Shochiku, akishirikiana na mwongozaji Kozaburo Yoshimura. Filamu yao ya mwaka 1947, iliyohusu familia ya kikabaila inayofilisika, ilisifiwa sana. Hata hivyo wakubwa wa kampuni walinung'unika kwamba kazi zao zilikuwa na giza mno. Mwaka 1950 wote wawili waliondoka, na pamoja na mwigizaji Taiji Tonoyama na wenzao wengine wakaanzisha chama chao wenyewe cha kutengeneza filamu, Kindai Eiga Kyokai.

Wahenga wetu walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni kweli. Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi mtu huyu alivyoanza kujitegemea. Filamu ya kwanza aliyoiongoza, mwaka 1951, ilikuwa Aisai Monogatari, yaani Hadithi ya Mke Mpendwa. Humo alieleza jinsi kijana asiyejua kuandika alivyoshikwa mkono na mkewe hadi akawa mwandishi. Yaani tendo lake la kwanza la uhuru lilikuwa kukiri deni.

Aliyeigiza mke huyo ni Nobuko Otowa, nyota wa kampuni nyingine kubwa iliyoitwa Daiei. Otowa naye aliiacha kampuni yake akajiunga na chama hicho kisicho na fedha. Mwaka 1952, mara tu utawala wa jeshi la Marekani ulipokwisha nchini humo, Shindo alimpa nafasi ya mwalimu wa watoto wadogo anayerudi Hiroshima kuwatafuta wanafunzi wake walionusurika. Filamu hiyo, Genbaku no Ko, yaani Watoto wa Bomu la Atomiki, ilifadhiliwa na chama cha walimu wa Japani. Ilipokamilika, walimu hawakuridhika. Waliona huruma yake ni nyingi kuliko hasira, wakamwagiza mwongozaji mwingine awatengenezee nyingine. Shindo akajifunza kwamba hata mfadhili mwenye nia njema hutaka sauti yake isikike.

Mwaka 1959 alitengeneza filamu juu ya mashua ya wavuvi 23 walioangukiwa na majivu yenye sumu, Wamarekani walipojaribu bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini mwaka 1954. Ilikuwa kazi ya maana, lakini watazamaji hawakuja. Chama kikaelemewa na madeni. Ikaonekana kwamba hapana budi kukivunja.

Ndipo wakakubaliana watengeneze filamu moja zaidi, na ikiwa ndiyo ya mwisho, basi iwe ile waitakayo wenyewe. Wakachukua kikundi kidogo cha watu na fedha zilizokuwa kama sehemu moja tu ya kumi ya gharama ya filamu ya kawaida, wakaenda kwenye kisiwa cha Sukune, katika mkoa wake wa kuzaliwa. Otowa akawa mke, Tonoyama akawa mume. Tonoyama alikuwa na maradhi ya ini kwa ajili ya ulevi. Kwa kuwa karibu na kule hapakuwa na pombe, afya yake ikarudi.

Katika filamu hiyo yapo matukio mawili ambayo mtazamaji hayasahau. Siku moja mke anateleza, ndoo inamwagika. Mume anaweka chini mzigo wake, anamzaba kofi, kisha anamsaidia kuinuka na kazi inaendelea. Hakuna anayetuambia kwamba kofi lile lilikuwa haki, nasi tunalihisi shavuni. Baadaye mtoto wao mkubwa anaugua. Baba anakimbia kumtafuta daktari ng'ambo ya maji, na daktari anafika mtoto amekwisha kufa. Baada ya maziko, wakiwa kazini, mama anaimwaga ndoo kwa makusudi, anang'oa mimea na kujitupa chini akilia. Safari hii mume anasimama kimya akimtazama. Hana kofi wala neno. Kisha anainama kumwagilia, na mke anainuka, anarudi kazini.

Mwaka 1961 filamu hiyo ilitunukiwa tuzo kuu katika tamasha la filamu la Moscow, ikishirikiana na filamu moja ya Kirusi. Wanunuzi wakajitokeza, na ikauzwa katika nchi zaidi ya 60. Madeni yakalipwa na chama kikaishi. Tena kikaishi miaka mingi: Shindo aliongoza filamu zaidi ya 40, mojawapo ikiwa Onibaba ya mwaka 1964, na akaandika michezo ya sinema zaidi ya 200, mingi yake ikiwa ya waongozaji wengine. Kalamu ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Sitaki udhani alikuwa malaika. Mapenzi yake na Otowa yalianza akiwa na mke mwingine nyumbani, na ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1972. Alimwoa Otowa mwaka 1978. Mwaka 1994, Otowa akiwa mgonjwa wa saratani ya ini, walikamilisha pamoja filamu iitwayo Gogo no Yuigonjo, yaani Wosia wa Alasiri. Mama huyo alifariki Desemba mwaka huo huo, kabla filamu haijaonyeshwa.

Shindo aliendelea. Akiwa na umri wa miaka 98 aliongoza filamu yake ya mwisho, Ichimai no Hagaki, yaani Postikadi Moja, akiwa katika kiti cha magurudumu. Filamu hiyo ya mwaka 2010 yahusu nini? Yahusu askari 100 waliopigiwa kura, na mjane wa mmoja wa wale ambao hawakurudi. Deni la mwaka 1944 lilikuwa bado moyoni. Alifariki tarehe 29 Mei, 2012, akiwa na umri wa miaka 100, na sehemu ya majivu yake ilitawanywa kule Sukune, mahali palipotawanywa sehemu ya majivu ya Otowa.

Ndugu msomaji, tumezoea kumsifu mtu aliyejitegemea kana kwamba alisimama peke yake. Shindo hakuwa peke yake hata siku moja. Alimkataa bwana, lakini hakumkana mwenzake; na kila alipopata nafasi alimtaja aliyebeba ncha ya pili ya mzega. Jumapili hii, mkiwa mmeketi pamoja baada ya chakula, hebu jiulize: ndoo yangu hii inayosifiwa na watu, ni nani nyumbani humu anayeipandisha kilima pamoja nami? Na je, nimewahi kumwambia?