Celie asiambiwe anyamaze

JICHO LA JUMAMOSI
Na Rehema Mbwambo

Jumapili iliyopita tulikuwa watu saba sebuleni kwa dada yangu, Tabata, tunatazama The Color Purple, ile ya kwanza, ya mwaka 1985. Mama mkubwa alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachambua huku anatazama. Ikafika pale Celie, mhusika mkuu, anapomnyoa mumewe ndevu. Muda si mrefu amegundua kwamba mwanaume huyu amemficha barua za mdogo wake miaka yote, na sasa wembe uko mkononi mwake na shingo iko mbele yake. Mikono ya mama mkubwa ikasimama juu ya ungo.

Filamu ilipoisha, shemeji ndiye aliyeanza. Alikuwa ameudhika kweli. Alisema saa mbili na nusu nzima hajaona mwanaume mweusi wa kujivunia: huyu anabaka, yule anapiga, mwingine hana msimamo. Na aliyewaanika hivyo, akasema, ni mwongozaji Mzungu. Binti yake, aliyeko chuo mwaka wa pili, akamjibu kwamba kitabu kiliandikwa na mwanamke mweusi. Ubishi ukapamba moto, chai ikapoa. Katikati ya kelele zile mama mkubwa akauliza swali moja: "Kwani yule mtoto amesema uongo?"

Hakuna aliyemjibu. Safu ya leo ni jaribio langu la kumjibu.

Shemeji asidhani yuko peke yake. Hoja yake ina umri sawa na filamu yenyewe. Riwaya ya Alice Walker iliyozaa filamu hiyo ilitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata ikampa Tuzo ya Pulitzer ya riwaya, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Lakini sifa na lawama zilikuja pamoja. Mwaka 1984 huko Oakland, California, palizuka mvutano kama kitabu hicho kinafaa kusomwa na wanafunzi wa sekondari. Wengine walichukizwa na ubakaji ulioelezwa bila kufichwa, wengine na mapenzi ya Celie na mwimbaji Shug Avery, wengine na sura ya wanaume.

Steven Spielberg alipoifanya filamu, akishirikiana na Quincy Jones, moto ukawa mkubwa zaidi. Huko Los Angeles watu walisimama nje ya ukumbi na mabango. Tawi la Beverly Hills na Hollywood la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, lilipinga jinsi mwanaume mweusi alivyoonyeshwa. Mwandishi Ishmael Reed aliishambulia, na mwongozaji wa filamu Spike Lee naye hakuificha hasira yake. Wakati huohuo wanawake weusi walijaza kumbi, wakatoka wakilia, wakarudi tena na mama zao. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 90 nchini Marekani. Mhakiki Roger Ebert aliiweka juu ya filamu zote za mwaka ule. Iliteuliwa kuwania Tuzo 11 za Oscar, na usiku wa Machi 24, 1986 haikupata hata moja. Tawi lile lile la NAACP lililoipinga likageuka na kulalamika kwamba imenyimwa haki.

Wapo walioligeuza hilo kuwa kichekesho. Mimi naliona kama maumivu. Watu wale walikuwa wanalilia mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

La kwanza tulitendee haki. Hollywood ilikuwa imetumia miaka 70 kumchora mwanaume mweusi kama mnyama. Filamu ya The Birth of a Nation ya mwaka 1915, nayo iliyotokana na riwaya, ilimwonyesha kama mbakaji wa kuwindwa, na kundi la Ku Klux Klan likapata nguvu mpya kwa sababu yake. Watu walionyongwa juu ya miti kwa tuhuma za uongo walikuwa na watoto, na watoto hao walikuwa hai mwaka 1985, wamekaa kwenye viti vya sinema. Filamu kubwa za watu weusi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ukipewa dirisha moja tu la kuonekana na dunia, utaogopa kila kinachopita dirishani. Hofu ya shemeji yangu imetoka huko, na siidharau.

Lakini swali la mama mkubwa bado liko pale pale.

Riwaya inaanza na msichana wa miaka 14 anayebakwa na mtu anayemjua kama baba yake. Mtu huyo anamtisha: asimweleze yeyote isipokuwa Mungu. Ndiyo maana Celie anaandika barua kwa Mungu. Hana mwingine aliyeruhusiwa kumweleza. Kitabu kizima kimejengwa juu ya amri hiyo ya kunyamaza na namna mtoto huyo alivyoivunja, herufi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo anayesimama leo na kusema Celie angestahi, angefikiria heshima ya ukoo na sura yetu mbele ya Wazungu, anairudia amri ile ile. Hakukusudia. Ana sababu nzito na moyo safi. Lakini maneno ni yale yale: usimwambie mtu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Celie ndiye kata. Ndiye aliyezamishwa ndani ya mtungi ule kila siku, akajua kilichomo. Sisi tuliobaki nje tukisifia nakshi za mtungi hatuna haki ya kumkatalia ushahidi.

Na liko jambo ambalo ubishi wa miaka 40 umelifunika. Kitabu kilichoitwa adui wa mwanaume mweusi kilimtendea Mister, mumewe Celie, vizuri kuliko filamu ilivyomtendea. Katika riwaya, mume yule anaanguka, anajitazama, anabadilika taratibu. Mwishoni anakaa barazani na Celie, wanashona pamoja na kuzungumza kama watu wawili waliopitia mengi. Walker hakumwachia uovu wake, wala hakumtupa. Katika filamu, Mister, anayeigizwa na Danny Glover, anapewa toba fupi: anashughulikia safari ya kuwarudisha ndugu wa Celie, kisha anasimama mbali shambani akiwatazama. Inagusa, lakini ile safari ya mwanaume kujifunza kuwa mtu hatuioni. Waandamanaji wangekuwa na haki kabisa kudai sehemu hiyo irudishwe. Walichodai wengi wao ni Celie apunguze sauti.

Sauti hiyo ilikuwa imeshapunguzwa tayari. Mapenzi ya Celie na Shug, ambayo kitabuni ndiyo yanayomfundisha kwamba mwili wake ni wake, filamu iliyafupisha hadi busu moja la aibu. Miaka mingi baadaye Spielberg alikubali kwamba aliyalainisha. Walker alikuwa ameandika mswada wake mwenyewe wa filamu, haukutumika. Aliuchapisha mwaka 1996 katika The Same River Twice, pamoja na maelezo ya jinsi lawama zile zilivyomkuta akiwa mgonjwa na mama yake akiuguzwa. Walker huyo ndiye aliyeitwa msaliti.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna kipande chetu humo. Nettie, mdogo wake Celie, anakwenda Afrika na wamisionari kuishi na Waolinka, kabila la kubuni ambalo kitabu kimeliweka Afrika Magharibi. Filamu ilizipigia picha sehemu hizo Kenya, na mojawapo ya nyimbo za albamu yake inaitwa "Katutoka Corrine". Nakumbuka furaha niliyoipata kuliona neno "katutoka" kwenye jalada la kazi ya Marekani. Ukitulia, unaona kwamba Afrika yetu imeshonwa kiraka: lugha ya pwani hii imepelekwa kwa watu wa pwani ile. Hata sisi, basi, tunajua kuonyeshwa vibaya kukoje. Ninaposema Celie aachwe aseme, nasema nikiyajua machungu ya shemeji.

Tofauti ni kwamba sura iliyochorwa vibaya hurekebishwa kwa kuongeza picha nyingine kando yake. Ndivyo ilivyokuwa. Spike Lee alikwenda akatengeneza filamu zake. Hadithi ya Celie ikapanda jukwaa la Broadway mwaka 2005, na mwaka 2023 ikarudi kwenye sinema chini ya mwongozaji wa Kighana, Blitz Bazawule. Madirisha yameongezeka. Ushahidi uliozimwa, kwa upande mwingine, haurekebishwi na chochote. Unakwenda kaburini na mwenyewe.

Namwomba shemeji, na kila mwanaume aliyeudhika kama yeye, aitazame tena bila kujitafuta ndani yake. Amtazame Celie akipita mbele ya sanduku la barua alilokatazwa kuligusa. Atazame viganja vya mtu na mdogo wake vinavyopigana makofi ya mchezo wa kitoto, kisha vinavyotenganishwa kwa nguvu huku vimeng'ang'aniana. Baada ya hapo anieleze kama bado suala kubwa ni sura yake.

Jioni ile wageni walipoondoka nilibaki jikoni nikiosha vikombe. Mama mkubwa akaja na ungo wake, akasimama kando yangu. Akataja jina la mtu wa ukoo wetu, marehemu, ambaye tangu nizaliwe nimesikia sifa zake tu. Akasema alichomfanyia alipokuwa na miaka 13. Sasa ana miaka 74. Jina sitaliandika hapa, kwa kuwa si langu la kuliandika. Nilifunga bomba la maji ili nisikie vizuri.