Sadaka ya Kausha Damu

Ahadi inayolipwa kwa mkopo wa kausha damu haina imani ndani yake. Mtu anasimama siku ya mavuno, anataja shilingi 200,000, tunampigia vigelegele. Jumatatu anakopa kwa siri, mkewe hajui. Mwezi ukiisha anadaiwa 260,000. Marejesho yatoke wapi? Kwenye ada, kwenye unga, kwenye dawa za bibi. Wakija kubeba televisheni na mtungi wa gesi, watoto wanatazama.

Mtaniambia mjane alitoa vyote. Ndiyo, lakini zile senti mbili zilikuwa zake, hakuzikopa. Tena katika Marko 7 Bwana aliwakemea waliosingizia Korbani ili wasiwatunze baba na mama. Na 1 Timotheo 5:8 inamweka asiyewatunza wa nyumbani mwake chini ya asiyeamini. Mbona hatuyasomi hayo siku ya mavuno?

Nasema nikiwa mzee wa kanisa niliyewahi kushika kipaza sauti na kuwabana watu kwa majina. Nilikosa.

Sipingi fungu la kumi. Litoke kwanza, kabla ya kodi na sukari. Ninachopinga ni kutoa fungu la kumi la kisichokuwepo. Mume na mke wakae na daftari moja, waone kilichoingia, ndipo watamke ahadi. Na sisi wazee tuache kusoma majina ya wadaiwa mbele ya madhabahu. Aliyeshindwa kulipa tumfuate nyumbani, na tukienda tubebe unga.