Motokaa Nyepesi na Motokaa Yenye Nguvu

Msomaji, zikiwekwa mbele yako motokaa mbili, moja ndogo, nyepesi, ya viti viwili, isiyo na paa la bati, na nyingine kubwa, yenye paa, milango miwili na injini ingurumayo kama radi, najua jicho lako litakimbilia ipi. Jicho la kijana hupenda nguvu. Sikulaumu kwa kutazama. Nitakulaumu ukidai kuwa hiyo iliyokupendeza ndiyo ifaayo kujifunzia udereva katika njia ya mashindano.

Na tutwae mifano ijulikanayo. Mazda MX-5, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989, ni motokaa ya wazi. Ile iliyouzwa Marekani kwa mwaka 2016 ilikuwa na uzito wa kilo 1,060 hivi na nguvu za farasi 155. Ford Mustang GT ya wakati uo huo, yenye paa, ilikuwa na kilo 1,680 hivi na nguvu za farasi 435. Piga hesabu: katika Mazda kila farasi mmoja huvuta karibu kilo 7, katika Mustang kilo 4 hazitimii. Basi katika njia iliyonyoka Mustang itaiacha Mazda mbali, na asemaye vinginevyo hasemi kweli.

Lakini njia ya mashindano haikunyoka. Ile ya Laguna Seca, karibu na Monterey katika California, ina urefu wa kilomita 3.6 na kona 11. Mojawapo huitwa Corkscrew, yaani kizibuo cha chupa. Hupinda kushoto, kisha kulia, huku ikiporomoka kama mita 18, na dereva haoni aendako mpaka amekwisha kuiingia. Hapo nguvu za farasi hazimfai kitu. Kimfaacho ni kupunguza mwendo kwa wakati wake.

Umefundishwa darasani kwamba nishati ya kitu kiendacho ni nusu ya tungamo lake mara mraba wa mwendo wake. Tuseme Mazda yafika mwisho wa njia iliyonyoka kwa kilomita 160 kwa saa, na Mustang kwa 200. Nishati ya Mustang ni kama mara mbili na nusu ya ile ya mwenzake, na yote itakayopunguzwa na breki hugeuka kuwa joto. Ni kweli breki zake nazo ni kubwa. Lakini mwanafunzi huzikanyaga mapema, akazishikilia muda mrefu, mzunguko baada ya mzunguko. Mwisho mafuta ya breki huchemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke hushindilika. Dereva akanyaga, mguu wazama hata sakafuni, na motokaa yaenda vile vile. Wasifuo nguvu za farasi habari hii huiruka.

Tena nguvu nyingi huficha makosa. Aliyeingia kona vibaya akatoka polepole hukanyaga mafuta tu, na injini humrudishia alichopoteza. Hajui kuwa amekosa, na kesho atakosa vivyo hivyo. Katika motokaa nyepesi kosa la kona moja humfuata dereva mpaka kona ya pili, likimsuta njia nzima. Watu wa Mazda wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, wenye maana ya farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Mpandaji gani huwa mwili mmoja na farasi amwogopaye?

Nitaambiwa kuwa saa haidanganyi, na Mustang humaliza mzunguko mapema. Naam, lakini muda huo ni wa nani? Mtoto aliyebebwa mgongoni hufika kisimani mbele ya mwenzake atambaaye, wala hakuna mama amsifuye kwa kutembea.

Hoja moja ya wapinzani wangu naikubali. Motokaa ya wazi ikipinduka, kichwa cha dereva hakina kinga. Kwa hiyo njia nyingi za mashindano hudai pao imara la chuma nyuma ya viti, nazo zina haki. Atakayenunua motokaa nyepesi na aanze kwa pao hilo, kabla ya magurudumu ya kumeta na rangi mpya. Aketi ndani, avae kofia yake ya chuma, amwambie mwenzake aweke ubao kutoka kilele cha pao hadi juu ya kioo cha mbele. Kofia ikiugusa ubao, kiti na kishushwe kwanza.